Namna ya kuendelea ku sirkwi ya moto: kazi kubwa iko ku fre, haiko ku gazi

Vijana wengi wa Lubumbashi wenye kuwa na moto (pikipiki) kubwa, motere ya cc 600 ao 1000, watakuambia mara moja moto yao inafika kilometa ngapi ku saa, lakini ukiwauliza wanaanzaka kukamata fre (breki) wapi mbele ya viraji (kona) na wanaiachiliaka wapi, wananyamaza. Na pale njo ujuzi wote wa sirkwi, ule uwanja wa mbio wenye kufungwa, iko. Gazi kila mutu anaweza kufungua, ni kuzungusha mukono tu. Kupunguza mbio bila kutikisa moto, kuingia mu viraji na ile mbio yenye inafaa, kutoka pale umenyooka na gazi wazi, ile inaomba kujifunza, na inafundishika, mi sikubali wale wanasema mutu anazaliwaka nayo.

Nianze na kitu yenye inaniuma roho. Barabara ya Likasi haiko sirkwi. Ya Kipushi haiko, na ya Kasumbalesa ndio kabisa, na ile mustari ya malori ya shaba na kobalti yenye haiishake. Mu barabara kuko mama anavuka na beseni ku kichwa, kuko mubuzi, kuko mazuti yenye imemwangika hapo hapo mu viraji na hauioni mpaka gurudumu limeisha kuteleza. Ku sirkwi wote wanaenda upande moja, pembeni kuko changarawe na majani ya kukupokea, na ambilansi iko pale na watu wake. Tumeisha kuzika vijana wazuri juu ya kupimana mbio usiku, inatosha. Ukitaka kujua moto yako inaweza nini, chunga franga, uende ku sirkwi hata mara moja kwa mwaka.

Wengi wetu tunashukaka Afrika Kusini. Kyalami, kati ya Johannesburg na Pretoria, iko na kilometa 4.5 na viraji 16, ni nzuri sana lakini inapanda na kushuka, mutu mupya inamuchanganya. Zwartkops ya Pretoria ni fupi, kilometa 2.4 hivi, unarudilia viraji zile zile mara nyingi mu minuti kidogo, na kwa kujifunza mi ningeanzia pale. Red Star iko Delmas, mashariki ya Johannesburg. Phakisa ya Welkom njo ile MotoGP, mashindano makubwa ya moto ya dunia, ilikuwa inakuja toka 1999 mpaka 2004, na ule mwaka wa 2004 Valentino Rossi alishinda pale shindano yake ya kwanza kabisa na Yamaha. Pasipoti ya Kongo inaomba viza, na karata ya homa ya manjano usiisahau, bila hiyo unaweza kurudishwa toka ku uwanja wa ndege. Moto yenyewe, mara ya kwanza usisumbuke kuipeleka, ni Kasumbalesa, Zambia yote, daraja ya Kazungula, Botswana, na makaratasi ya dwane ku kila mupaka. Kodisha kule kule. Na ukodishe ndogo.

Najua hapa wengi watakasirika lakini ndiyo, ndogo: Yamaha R3 ya 321, Kawasaki Ninja 400, KTM RC 390. Moto ya 1000 inakufunika, juu ukitoka mubaya mu viraji unafungua gazi tu na mustari mnyoofu unakurudishia muda, basi unarudi nyumbani unafikiri unajua. Na ndogo, mbio yenye umepoteza mu viraji hairudi, inakuambia ukweli pale pale, na inakuachia nafasi ya kufikiri juu vitu haviji haraka sana mbele ya macho.

Sasa kazi ya nyumbani. Haiombi sirkwi, haiombi hata moto kubwa, TVS 125 ya kila siku inaenda vizuri. Tafuta kiwanja yenye imefungwa, parkingi ya depo siku ya Mungu kama mwenyewe anakubali, ufagie changarawe, uvae kila kitu sawa vile ungevaa kule. Chukua chupa za plastiki, uzijaze muchanga, uweke moja pale utaanza kukamata fre. Unakuja na kilometa 40 ku saa, vitesi ya pili, ukifika ku chupa unafunga gazi na unakamata fre ya mbele na vidole viwili.

Ile kipande ya kwanza ya fre, sentimita moja hivi ya mukono wa fre, kazi yake haiko kusimamisha moto. Inaleta uzito mbele: utasikia furshi (ile miguu miwili ya chuma yenye kubeba gurudumu la mbele) inashuka, mikono inapokea uzito, mupira wa mbele unajibonyeza ku gudroni (lami) na sehemu yenye inagusa chini inakuwa kubwa. Furshi ikiisha kushuka, hapo njo unaongeza nguvu, na unaweza kuongeza sana, zaidi ya vile unawaza. Mutu mwenye anafinya yote kwa mara moja, gurudumu linafunga mbele uzito haujafika, anaanguka, halafu anaenda kuambia wenzake fre ya mbele ni mubaya na maisha yake yote anatumia ya nyuma tu. Wakati ya mbele njo inafanya kazi kubwa, juu ukipunguza mbio uzito wote unakimbilia kule, na gurudumu la nyuma linabaki jepesi, likifinywa kidogo tu linateleza. Kati ya kugusa na kufinya ni muda mudogo sana, haifike sekonde, lakini ni lazima uwepo.

Halafu kuachilia, na hii watu hawaifanyie zoezi hata kidogo. Ukiachilia kwa mara moja furshi inaruka juu, moto inanyanyuka, na ku sirkwi ile inatokea paka pale unataka kuinama. Kwa hiyo fanya zoezi ya kuachilia kuliko hata ya kufinya: shusha mpaka kilometa 15 ku saa, halafu legeza vidole kidogo kidogo mpaka furshi inapanda na wewe haujue ni wakati gani fre imeisha. Rudilia mpaka vidole vinajua vyenyewe. Halafu panda ku 60, na 80 kama kiwanja inatosha, na ujue kutoka 40 mpaka 80 nafasi ya kusimama haizidi mara mbili, inazidi karibu mara nne. Fizike njo iko vile, mbio ikirudiliwa mara mbili, nguvu yenye fre inapaswa kumaliza inakuwa mara nne. Hesabu kwa hatua pale pale ku kiwanja, uone na macho yako.

Chupa zile zile uzipange mbili, uzizunguke kama tarakimu 8, pole pole, kichwa kikigeuka mbele ya moto. Na pale ujifunze kusukuma gido (usukani): ukitaka kuenda kulia unasukuma mbele upande wa kulia wa gido, moto inainama kulia. Kila mutu mwenye kuendesha anaifanyaka bila kujua, lakini ukiijua unaweza kuifanya kwa makusudi na kwa haraka, na ku viraji mbili zenye kufuatana njo itakuokoa.

Ku sirkwi wanagawanyaka watu mu grupu kufuata mbio yao, unatembea minuti 15 ao 20 halafu unatoka, wengine wanaingia. Ingia mu grupu ya wapole hata kama huku kwetu unaitwa mukubwa. Mu mukutano ya asubuhi usikilize mambo ya drapo (bendera) kuliko yote. Manjano: kuko hatari, punguza, usipite mutu. Nyekundu: imesimamishwa, punguza, nyoosha mukono juu wa nyuma wakuone, rudi padoki, pale moto zinapangwa. Manjano na mistari nyekundu ni kunateleza. Nyeusi na duara ya rangi ya machungwa na namba yako, moto yako iko na shida, labda mafuta inavuja, toka haraka mu njia ya wengine. Bulu ni kuko mwenye mbio nyuma, we endelea na mustari wako vile ulikuwa, usigeuke kumutazama, yeye njo atatafuta pa kupita.

Mizunguko ya kwanza haina kazi ya mbio, iko na kazi ya kutafuta alama. Kila viraji inaomba ine: pa kukamata fre, pa kuingiza moto, pale utagusa ndani kabisa, na pa kutokea. Alama iwe kitu yenye haihamake: mbao za 200, 150 na 100, ufa wa gudroni, mwanzo wa rangi ya pembeni. Kivuli hapana, saa ya mchana kimeisha kusogea. Ukiona viraji moja haina alama mu kichwa yako, ile njo viraji utapotezea muda na pengine utaangukia, basi mu mapumziko ukae chini uichore ku karatasi.

Mustari wenyewe unaingia ukiwa inje, unagusa ndani, unatoka inje. Watu wapya wote wanagusa ndani mapema, juu macho yanavutwa na kona, halafu moto inawapeleka inje na wanakosa gudroni ya kutokea. Chelewa. Ngoja kidogo inje, uone mahali viraji inaishia, halafu uingize. Na macho: moto inafuata macho, haifuate kitu kingine. Ukitazama changarawe utaenda mu changarawe. Ukianza kukamata fre tayari unatafuta alama ya kuingiza, ukifika pale tayari uko unatazama ndani, mbele ya kufika ndani tayari unatazama pa kutokea, kila mara moja mbele. Jioni ukiwa muchovu hii njo inaanguka ya kwanza, macho yanashuka mbele ya gurudumu na kila kitu inaonekana kama inakimbia sana.

Turudi ku fre, juu ni pale njo unapata sekonde. Mupira ni kama franga yenye uko nayo mu mufuko kwa siku ile: ukiitumia yote ku kusimamisha haibaki ya kuinamia, ukiitumia yote ku kuinama haibaki ya kusimamisha. Ukiwa umenyooka tumia yote ku fre. Ukianza kuinama, unalegeza vidole pole pole kadiri moto inalala, na ile zoezi ya ku kiwanja njo inalipa hapa, furshi inabaki chini kidogo, moto inageuka vizuri, na mbio ikiendelea kushuka ile duara yenye unazungusha inakuwa ndogo yenyewe. Na kama kuko kitu mbele, moto imeanguka ao mutu amefunga gazi, vidole vyako viko bado ku fre, unaweza kufanya kitu. Mwenye ameachilia yote mbele ya kuingia hana tena kitu ku mukono. Lakini ile ya kuinama na fre usiifanye siku ya kwanza, anza kumaliza fre yote ukiwa umenyooka, nusu siku nzima, halafu uivute kidogo mu viraji moja tu yenye unaijua.

Na kusogeza alama kuko namna. Anza ku mbao ya 200. Mizunguko mitatu mine ikiwa sawa sawa na ukiingia unasikia ungeweza kuingia na mbio zaidi, songa mita tano karibu na viraji. Tena mita tano. Ukiona unafinya kwa woga, ao unafika ndani macho bado iko ku gurudumu, umesogea sana, rudi nyuma. Faida ya kuchelewa fre ni kidogo sana kuliko faida ya kuingia na mbio nzuri na kutoka mapema na gazi, wengi wanabadilisha hii kwa ile na hawaelewi kwa nini muda haushuki. Brad Binder, yule wa Potchefstroom mwenye alikuwa champion wa Moto3, kategori ya moto ndogo, mu 2016 na akashinda MotoGP ku Brno mu 2020, Mwafrika Kusini wa kwanza kufanya ile, watu wanamusifuka kwa fre. Mukimutazama mutazame namna anaachilia, muache pale anaanzia.

Gazi: mara umeifungua mu viraji usiifunge tena. Fungua kidogo sana mwanzo, ile tu ya kubeba uzito urudi nyuma kidogo na moto itulie, halafu ongeza bila kukata kadiri unainua moto. Ukiwa umeinama na nyuma inateleza ukafunga gazi kwa mara moja, mupira unashika tena kwa nguvu na moto inakurusha juu ya gido, na ile anguko njo mubaya kuliko zote. Kuteleza chini ni afadhali.

Mwili. Mikono ilegee, hii inashinda yote. Ukishikilia gido kwa nguvu unaizuia furshi kufanya kazi yake na mikono inakauka mu mizunguko mitano, vidole havifungi tena. Nguvu itoke ku miguu: ncha ya muguu ku kikanyagio, goti la inje lifinye tanki, nusu ya tako itoke upande wa ndani mbele ya kuanza kukamata fre, hapana katikati ya viraji. Kichwa kishuke upande wa ndani, pale kioo kinakaaka. Goti kugusa chini usilitafute, litagusa siku yake, kuko watu wana picha nzuri za goti chini na wanapitwa na kila mutu.

Mbele ya siku yenyewe, kaske iwe na etiketi ya ECE 22.06, kinga ya mugongo EN 1621-2 (zote mbili ni vipimo vya usalama vya Ulaya), kombinezo ya ngozi ya kipande moja ao mbili zenye zip inazunguka yote, glavu zifunike kifundo cha mukono, bote juu ya kifundo cha muguu. Kaske yenye iliisha kuanguka kwa nguvu haifai, hata ikionekana nzima. Ukienda na moto yako, mafuta ya fre ubadilishe: DOT 4 mupya inachemka toka degre 230, lakini inakunywaka maji ya hewa, na ikiisha kunywa inaweza kuchemka ku 155, na pale unafinya fre inafika mpaka ku gido bila kitu kutokea. Plaketi za fre ziwe nene, cheni isikaze wala isilegee, vioo utoe, taa ufunike na skochi. Maji ya radiateri iwe maji tu, ile ya rangi ikimwangika inatelezesha wenzako. Upepo wa mipira, ile bari 2.5 ya gurudumu la mbele yenye tunatumia ku barabara ni nyingi juu joto inaupandisha, wengi wanashuka karibu 2.1 mpaka 2.2 mbele, lakini kila marki iko na namba yake, uliza fundi wa mipira mu padoki. Na Juni na Julai asubuhi kule kuko baridi ya kweli, mizunguko ya kwanza miwili ni ya kupasha mipira tu.

Ukianguka, achilia moto. Usiishikilie, usijaribu kuinuka wakati bado unateleza, ngoja mwili usimame, hesabu mbili tatu, halafu utazame watu wanatoka wapi na ukimbie nyuma ya ukuta. Moto itaokotwa.

Chakula ya mchana iwe nyepesi, hapana bukari na nyama ya kujaza tumbo, na maji unywe kila mara unatoka hata kama hausikii kiu, mu ngozi mutu anatoka jasho sana na akili njo inachoka ya kwanza. Kronometre siku ya kwanza uiweke mu sakoshi. Omba moniteri (mwalimu) akufuate mizunguko miwili, halafu wewe umufuate miwili, franga yake ni kidogo kuliko gido mupya. Na kila sesheni uwe na kitu moja tu ya kufanyia kazi, macho basi macho, fre basi fre.

Shindano la amateri ulifikirie wakati mizunguko yako inafanana, mitano ya kufuatana bila kutofautiana sana. Kule mashindano yanasimamiwa na Motorsport South Africa, mambo ya lisansi uulize miezi mbele. Ku kuanza, vitesi ya kwanza, kifua ku tanki ili mbele isinyanyuke, gazi ikae pahali pamoja, na ambreyaji (klachi) uiachilie kwa vidole pole pole mpaka moto imeisha kutembea, sio kuirusha. Viraji ya kwanza kamata fre mapema kuliko alama yako ya mazoezi, juu wote wenye wako mbele watakamata mapema na watajaa pahali pamoja, na ukibaki ku alama yako utamuingia mutu mugongoni. Ukitaka kupita ndani ku fre, uwe umeisha kufika pembeni yake na amekuona mbele hajaanza kuingiza, kama hauko pembeni ile nafasi haiko yako. Na kama yeye anachelewa sana kukamata fre kuliko wewe ku kila viraji, usimurukie pale, mufuate mizunguko miwili, tafuta viraji yenye anatokeaka mubaya, umuachie mita chache mbele ya kuingia, utoke mbele yake na gazi na umupite mu mustari mnyoofu.